Suruali za Kupumulia

Siku wakubwa wa hospitali walipoanza kujifunza kupumua, fundi alikuwa amepiga magoti chini ya cherehani yake akitafuta sindano iliyomponyoka. Sauti ya mwanamke ilipenya kutoka ukumbini, sauti laini, ya mtu ambaye hajawahi kupanga foleni maishani mwake.

"Vuta ndaaani... Shikilia... Achia njeee."

Fundi akainuka, magoti yakalia, akachungulia. Chumba chake cha kushonea mashuka kilipakana na ukumbi wa mikutano, na dirisha la katikati halikuwahi kuwa na kioo tangu aajiriwe. Kila mwaka aliambiwa kioo kiko njiani. Aliyoyaona yakamsahaulisha sindano. Wakubwa walikuwa wamelala sakafuni. Mhasibu alilala chali, mikono na miguu juu, kama mende aliyepuliziwa dawa. Bibi wa utumishi, yule anayewakaripia watu kabla hajaitikia salamu yao, alikuwa amefumba macho anatabasamu peke yake. Na katikati yao, tumbo likipanda na kushuka kama hema lililoingiwa na upepo, alilala mkurugenzi mwenyewe, Bwana Funguo.

"Mungu wangu," fundi akanong'ona, "wamekufa wote kwa mkupuo."

Kwa sekunde moja moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Kisha mhasibu akapiga chafya, furaha ikaisha.

Jina la Bwana Funguo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wafanyakazi, kwa ajili ya mifuko yake. Kabla hujamwona unamsikia, chwi, chwi, chwi, korido nzima: ufunguo wa stoo ya dawa, ufunguo wa stoo ya mashuka, ufunguo wa kabati la sukari, ufunguo wa choo cha wakubwa. Wenzake wakipanda cheo hubadilisha viti. Yeye kila akipanda aliongeza kufuli. Na akisafiri, alisafiri nazo zote, maana hakumwamini mtu aliyezaliwa na mwanamke.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamewaalika wakubwa kwenye kambi ya utulivu, huko mlimani, nchi ya mbali. Wakifika watafanya yoga, watakaa wamekunja miguu, watatafakari, watanyamaza wiki nzima, halafu watarudi na roho safi wawahudumie wagonjwa kwa upendo. Hospitali ile wagonjwa walilala wawili wawili kitanda kimoja, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Fundi alisema hiyo ndiyo yoga, na wala haihitaji ndege.

Ila wafadhili waliweka sharti. Katika msafara lazima awepo mfanyakazi wa chini kabisa, tena awe amefiwa, kwa sababu kambi yao ni ya kutibu majonzi. Bila huyo hakuna tiketi hata moja. Ndipo wakubwa, waliokuwa wakimpita fundi koridoni kama wanapita ndoo, wakakumbuka ghafla kwamba ni mgane.

Wakamwita ofisini.

"Karibu, fundi wetu, karibu! Kaa, kaa," alisema Bwana Funguo.

Fundi akakiangalia kiti. Kitambaa chake alikishona yeye, lakini matako yake hayakuwahi kufika hapo. "Nitasimama tu, bosi. Nimezoea."

"Tunakupeleka ng'ambo! Ukapumzike. Tunajua ulipatwa na msiba mzito."

"Mnajua?"

"Tulihuzunika sana," alisema bibi wa utumishi, akapeleka mkono kifuani.

"Utajifunza kupumua vizuri," mhasibu akadakia.

"Kupumua najua," alisema fundi. "Nyumbani kwangu aliyeshindwa kupumua si mimi." Akageuka, akatoka, na mlango hakuufunga.

Mke wake alikuwa na pumu. Ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano tangu macho yalipoanza kumsaliti, na usiku akikoroma ndiye aliyempiga kiwiko cha ubavu mpaka ageuke. Jumapili moja mchana kifua kilimbana, wakamkimbiza hospitali, hospitali hiyo hiyo. Oksijeni ya wodini ilikuwa imeisha. Mitungi iliyojaa ilikuwepo stoo, imepangwa vizuri, unaiona kwa macho kupitia nondo za mlango, minene na myeupe kama wageni wa heshima. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Bwana Funguo, na Bwana Funguo alikuwa mji mwingine, kwenye semina ya huduma bora kwa mteja. Akapigiwa simu. "Msiguse kufuli langu," akasema, "narudi kesho." Mlinzi akaogopa kumwaga unga wake. Fundi akamwomba, akamtukana, akampigia magoti. Mpaka mlinzi akubali kulipiga kufuli kwa nondo, likakatika, Sista wa wodi alikuwa tayari anamfunika yule mama na shuka. Shuka lenyewe fundi aliujua upindo wake. Alikuwa ameushona mwenyewe.

Na mkurugenzi aliporudi hakuja na pole. Alikuja na kufuli kubwa zaidi, la kutoka nje, lenye ufunguo mmoja tu, akaufunga kipande cha mpira mwekundu ili usichanganyike na ndugu zake.

Kutoka ofisini fundi alikwenda moja kwa moja jikoni kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mpishi wa hospitali, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Alimkuta anakoroga uji kwenye sufuria ambalo mtu angeweza kuogea.

"Nasikia umegeuka tiketi," alisema shemeji bila kuinua kichwa.

"Nimewakatalia."

"Umewakatalia!" Mwiko ukasimama. "Shemeji, wewe kichwa chako kimejaa vifungo? Maisha yako yote umekaa chini ya dirisha unalaani wakubwa, mpaka mjusi wa humo ndani ameanza kulaani. Leo wakubwa wamekwama, wanakutegemea wewe tu, halafu unawakatalia unarudi kushona mashuka?"

"Sasa niende nikakunje miguu na wauaji?"

"Usiende bure, ndicho ninachokwambia. Wadai kitu."

"Kitu gani? Yeye harudi."

Shemeji akaurudisha mwiko sufuriani. "Dada harudi," akasema. "Lakini umempita yule mzee wa kitanda cha mlangoni leo?"

Fundi alikuwa amempita. Kila asubuhi alipopeleka mashuka alimkuta yule mzee ameketi wima, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayesukuma mkokoteni, na bibi yake pembeni anampepea na kipande cha boksi. Asubuhi ile bibi alikuwa amemshika fundi mkono. "Baba, nasikia wakubwa wanasafiri. Sasa huyu wangu akizidiwa, nani anafungua kule?" Fundi alimpa mito miwili badala ya mmoja.

Kesho yake alirudi ofisini, safari hii akaketi kabla ya kukaribishwa, akasikia jinsi kiti kilivyo laini.

"Nitakwenda," alisema. "Ila ufunguo wa stoo ya oksijeni haupandi ndege. Unabaki kwa Sista. Na bosi ukaseme hivyo ukumbini, mbele ya watu wote. Usipobaki, na mimi sipandi."

Bwana Funguo akacheka kicheko cha pua. "Fundi, fundi. Stoo ina mali ya serikali. Ikiibiwa?"

"Nani ataiba mtungi, bosi? Auweke wapi, kwapani?"

Mhasibu akakohoa. Bibi wa utumishi, ambaye alishanunua miwani ya jua, akasema kwa upole uliokuwa na meno ndani yake, "Mkurugenzi, ni ufunguo mmoja tu."

Wafanyakazi wakakusanywa. Bwana Funguo akasimama jukwaani, akauchomoa ufunguo wenye mpira mwekundu, akauinua kama kombe la mpira. Akasema kwamba uongozi wake ni uongozi wa kuaminiana, kwamba hili alikuwa amelipanga siku nyingi, na kwamba siku ya kuamkia safari atamkabidhi Sista hadharani. Watu wakapiga makofi. Fundi hakupiga. Alikuwa akimwangalia mtu aliyefinya ufunguo ule mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Kisha ikaja kazi ya mavazi. Mwalimu wa kupumua, yule binti mwenye sauti ya usingizi, alisema wasafiri wavae suruali pana za pamba, zisizobana, zisizo na mkanda wala mifuko. "Mwili uwe huru," alisema. "Mifuko ni mizigo." Fundi akampenda kuanzia siku hiyo. Akachukua kitambaa cheupe kilichobaki kwenye mashuka, akawapima mmoja mmoja. Mhasibu alirudisha tumbo ndani mpaka akawa wa zambarau, na fundi akasubiri, kamba ya kupimia mkononi, mpaka pumzi ikamshinda tumbo likarudi kwao. Bibi wa utumishi alitaka ya kwake iwe na umbo. "Umbo halishonwi, mama," fundi alimwambia, "nashona suruali tu." Naye mwenyewe akajishonea ya kwake, ikatoka nzuri mno kwa mtu asiyejali.

Bwana Funguo alikuja wa mwisho, wenzake wakiwa wameondoka. Akafunga mlango. Akatazama hata dirisha lisilo na kioo.

"Fundi, mimi nawe ni watu wazima."

"Ndiyo, bosi."

"Nishonee mfuko. Wa ndani, hapa mbele, chini ya lastiki. Usionekane. Na uwe na kifungo."

"Mwalimu amesema mifuko ni mizigo."

"Ni wa dawa zangu," alisema Bwana Funguo. "Za presha. Na usimwambie mtu."

Fundi akampima. Mfuko wa vidonge ungekuwa kiasi cha kiganja. Lakini Bwana Funguo, kwa kidole chake mwenyewe, alionyesha mfuko mwembamba, mrefu, unaoshuka kwenye paja. Fundi alikuwa ameshona mifuko tangu ana nywele nyeusi, na hakuwahi kuona kidonge chenye umbo la ufunguo.

Alisubiri siku ya makabidhiano. Ilipofika, Bwana Funguo alimkabidhi Sista ufunguo wenye mpira mwekundu mbele ya watu wote, akampigia na saluti. Sista, mwanamke mfupi aliyezoea kupigiwa kelele na madaktari na wagonjwa kwa zamu, akautia uzi wa bandeji, akauvaa shingoni. Bibi wa yule mzee alitoka mpaka mlango wa wodi kuja kuuona, akaugusa kama mtu anavyogusa mtoto mchanga.

Watu walipotawanyika, fundi akamvuta Sista mkono. "Twende tukaujaribu."

"Fundi nawe! Kuna mtu anaweza kudanganya mbele ya..."

"Twende."

Wakaenda stoo. Ufunguo ukaingia kwenye kufuli, ukakaa, ukakataa. Sista akaugeuza kulia, akaugeuza kushoto, akautolea jasho. Kufuli likawatazama tu. Wakajaribu stoo ya dawa, ukakataa. Kabati la sukari, ukakataa. Wakatembea nao korido nzima, Sista akinong'ona dua, fundi akinong'ona mambo mengine, mpaka mlango mmoja ukasema kla, ukafunguka. Ndani kulikuwa na sabuni yenye harufu ya maua, karatasi laini, na pazia la maua ambalo fundi alilikumbuka, maana alilishona yeye akaambiwa ni la wodi ya wazazi.

"Choo cha wakubwa," alisema Sista polepole, akiutazama ule mpira mwekundu uliovalishwa ufunguo mwingine. "Ametukabidhi choo."

Akakaa kwenye kizingiti, akafunika uso. Fundi akasimama. Alitaka kupiga kelele mpaka mabati yaruke. Badala yake akarudi jikoni, kwa sababu alijua akipiga kelele saa ile angepiga na mtu.

"Nitakwenda ukumbini nimvue nguo," alimwambia shemeji.

"Ukimwumbua sasa hivi atafanya nini?" alisema shemeji. "Atasema, 'Ooh, samahani, nilichanganya,' atakupa mwingine. Huo nao utafungua bomba la bustani. Huyo mtu ana funguo nyingi kuliko siku ulizobakiza, shemeji. Utaandamana naye mpaka lini?"

"Basi sisafiri. Tukose wote."

"Mkose wote, abaki na ufunguo wake, na mwezi ujao aende semina nyingine ambayo haihitaji mgane. Utakuwa umempunguzia nini?" Akafuta mikono kwenye aproni. "Huo mfuko umeshaushona?"

"Bado."

"Mshonee."

Wakatazamana. Shemeji alikuwa na macho ya dada yake, hasa anapopanga uovu.

"Nitungie uzi," fundi akasema. "Ule mbovu. Ule wa kushikizia."

Kila fundi ana uzi wa kushikizia, ule dhaifu unaopitishwa kwa muda tu ili nguo ikae, kisha unaufumua kwa ukucha. Shemeji akautunga, ulimi nje. Fundi akashona mfuko wenyewe kwa mashine, safi, na kifungo juu. Kitako cha mfuko akakishona kwa mkono, kwa ule uzi. Alikusudia kuweka mishono mikubwa, ya kizembe, inayoachana kwa kukemewa tu. Alipomaliza, akaikunja suruali akaikabidhi, na Bwana Funguo akampa mkono kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

Asubuhi ya safari gari lilisimama mlangoni, mizigo ikapandishwa. Mwalimu wa kupumua akasema hawawezi kuondoka na mioyo mizito, kwanza wafanye mazoezi ya kuagana, na wafanyakazi wote waje washuhudie. Ukumbi ukajaa. Wafuaji walikuja, mlinzi alikuja, shemeji alikuja na mwiko, na Sista alisimama mbele kabisa na ufunguo wa choo shingoni. Wakubwa walitoka wamevaa zile suruali nyeupe pana, mstari mmoja, na mtu fulani nyuma akauliza kwa sauti kama hao ndio wagonjwa wapya.

Mhasibu hakuwa na raha. Alikuwa akihamisha uzito mguu huu, mguu ule. "Nani ana ufunguo wa choo?" alikuwa akinong'ona. "Jamani, tangu jana choo kimefungwa. Mkurugenzi, ufunguo wa choo?"

"Pumua," alisema Bwana Funguo, akitazama mbele.

Fundi aliwekwa kando yake. Alitega sikio. Kwa mara ya kwanza Bwana Funguo alikuwa anatembea bila kulia, funguo nyingine zote ziko kwenye sanduku ndani ya gari. Lakini kwenye paja la kulia suruali ilining'inia tofauti kidogo. Jicho la mtu mwingine lisingeona. Fundi aliona kama anavyoona doa kwenye shuka.

"Inameni," alisema mwalimu. "Acheni kichwa kining'inie."

Wakainama. Viuno vikalia kama milango. Mfuko ukashika.

"Panueni miguu. Chuchumaeni."

Wakachuchumaa. Mhasibu akatoa sauti ambayo haikuwa ya mdomoni, ukumbi ukacheka mpaka mwalimu akaomba utulivu. Mfuko ukashika.

"Simameni. Tikiseni mwili wote. Tupeni yote mliyoyabeba!"

Wakajitikisa. Bwana Funguo alijitikisa kwa adabu, mkono mmoja umelazwa tumboni. Mfuko ukashika.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka fundi, maana alielewa alichokifanya. Mkono wake. Mkono wake ulishona mashuka miaka yote, ukarudia mishono, ukaivuta ikaze, na jana, hata kwa uzi mbovu, hata kwa hasira, haukujua kushona ovyo. Alikuwa amekusudia mishono ya kizembe, na mkono ukaweka midogo midogo, ya karibu karibu, kama ya nguo ya harusi. Akatazama upande wa wodi. Mlango ulikuwa wazi. Bibi wa yule mzee alikuwa bado anapepea na boksi lake, hana habari, anaamini ufunguo uko shingoni kwa Sista.

"Sasa tumalizie kwa kukaa kimya," alisema mwalimu, "kisha muende garini."

"Mwalimu!" fundi akapaza sauti. Hakuwa amepanga. "Mimi mwenzenu bado nina majonzi."

Ukumbi ukatulia. Mwalimu akamgeukia kwa huruma. "Unayasikia wapi, baba?"

"Miguuni," alisema fundi. "Yamekwama miguuni. Mtu akipiga mguu chini, nadhani yatashuka. Lakini peke yangu naona haya. Labda na bosi anisaidie. Turuke pamoja."

Shemeji akaelewa kabla ya wote. "Rukeni!" akapiga ukelele, akagonga mwiko kwenye kiti. "Bosi, mrukie mgane wetu!"

"Rukeni! Rukeni!" wakaitikia wafuaji.

"Mimi nina presha," alisema Bwana Funguo.

"Si una dawa zako, bosi?" fundi akamuuliza polepole, akamshika mkono, ule ule uliokuwa tumboni.

Basi wakaruka. Mtu mzito akiruka, haruki juu, anaruka chini. Bwana Funguo alitua sakafu ikatetemeka. Akaruka tena, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa unahesabu na kupiga makofi na mwalimu alikuwa anafuta machozi. Mara ya tatu fundi akasikia, katikati ya kelele zote zile, sauti ndogo ambayo hakuna mwingine angeitambua. Prrr. Uzi.

Ufunguo ukateremka ndani ya suruali pana, ukapita gotini, ukatokea kwenye kifundo cha mguu, ukaanguka kwenye saruji. Ngli! Ukaserereka kidogo, ukasimama mbele ya viatu vya Sista. Una mpira mwekundu.

Watu wakautazama ule wa sakafuni. Wakautazama ule wa shingoni kwa Sista. Wakautazama tena ule wa sakafuni. Hata gari lililokuwa linaunguruma nje lilionekana kunyamaza.

"Bosi," alisema Sista, "umedondosha."

Bwana Funguo alifungua mdomo. Fundi alimwona anavyopiga hesabu nyuma ya macho: akisema ni wangu, basi ule wa jana ni nini? Kombe alilolipandisha, saluti, kuaminiana, watu wote hawa.

"Sio wangu," akasema.

"Sio wako?"

"Siujui."

"Mwingine unaujua?" Sista akainama, akauokota. "Wewe mhasibu? Mama utumishi? Wote hamuujui?" Wakubwa wakatazama dari. "Basi utakuwa wa wodi." Akavua uzi wa bandeji, akatoa ule wa jana, akaufunga huu mpya mahali pake, bila haraka, kama anafunga kidonda. Ule wa jana akamnyooshea mhasibu. "Na huu chukua, baba, kimbia. Ni wa choo chenu."

Mhasibu alikimbia na suruali yake nyeupe ikipepea, na ukumbi ukapasuka. Mlinzi, yule yule, alicheka huku akilia, akaenda kujificha nyuma ya nguzo. Mwalimu wa kupumua hakuwa ameelewa hata chembe. Alikunja mikono kifuani, akamtazama Bwana Funguo kwa upendo mkubwa.

"Mmeona," alisema, "jinsi mwili ukikubali unavyoachia?"

Garini fundi aliwekwa kiti cha nyuma, ubavuni mwa mkurugenzi, kwa kuwa wafadhili walitaka picha ya wakubwa na wadogo wameketi pamoja. Wakamsubiri mhasibu. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka koridoni kulisikika kitu kizito kinaburutwa, gurudumu moja zima na lingine linalia, kikipita mlango wa stoo, kikipita maabara, kikiingia wodini. Kikasimama karibu na mlango. Kisha sauti ya bibi mmoja, kubwa kuliko mwili wake, ikimshukuru Sista, ikimshukuru Mungu, ikimshukuru na mkurugenzi.

"Anakushukuru, bosi," fundi akasema.

Bwana Funguo alikuwa ameweka mkono kwenye paja, pale palipokuwa na kitu. "Suruali hii," alisema bila kugeuka, "umeishona vibaya."

"Hapana. Niliishona vizuri mno. Ndiyo maana ilichelewa."

Hakumsamehe, na wala hakukusudia kumsamehe huko mlimani, hata wangemkunja miguu mpaka shingoni. Wiki nzima atakaa naye kimya, na ndani ya kimya hicho atakuwa anamlaani kwa mpangilio, bila mtu wa kumkatiza. Mhasibu akarudi na uso wa mtu aliyeokoka, mlango ukafungwa, gari likaondoka. Fundi akafumba macho kama alivyofundishwa, akavuta pumzi ndani, ndefu, akaishikilia, akaiachia nje. Halafu nyingine. Kabla hawajafika barabara kuu alikuwa anakoroma, na kwa kuwa aliyekuwa akimpiga kiwiko hayupo, wakubwa walimsikiliza mpaka uwanja wa ndege.